Aliyetia nembo abebe na dhima

Ami yangu ni nahodha wa mashua inayopeleka wageni kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, na kazi yake siku hizi haiendi bila ya simu. Wageni humwandikia usiku kwa WhatsApp wakiuliza maji yatakupwa saa ngapi, arubuni hulipwa kwa M-Pesa, na fedha zinazobaki huzihamishia benki kabla hazijatumika. Simu anayoitumia aliachiwa na Mtaliano mmoja aliyekaa hapa miaka mingi kisha akarejea kwao. Ni simu nzuri: kioo kizima, kamera safi, betri bado yafika jioni. Lakini kila inapowashwa, kabla ya jambo jingine lolote, hutokeza nembo ya kampuni ya simu ya huko Ulaya ambayo haina hata mnara mmoja katika nchi hii.

Mwezi uliopita nilimkuta pwani akifunga kamba za mashua. Nikamwamkia, "Shikamoo, ami," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie hii. Programu ya benki imekataa kufunguka, yaniambia mfumo umepitwa na wakati." Nikakaa kwenye ukingo wa mashua, nikafungua Mipangilio, nikaingia Kuhusu simu. Sasisho la mwisho la usalama lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 4. Nilibonyeza kitufe cha kutafuta sasisho; kiduara kikazunguka muda wa sekunde 10 hivi, kisha yakatokea maandishi yakisema kwamba mfumo umesasishwa na hakuna jipya. Ami aliyasoma, akanitazama. "Mbona yasema iko sawa?" Sikuwa na jibu la haraka, na makala hii ndiyo jibu ninalodaiwa naye.

Jioni ile nilipitia kwa fundi wa simu karibu na soko, kwa kuwa nilikumbuka kwamba naye anatumia simu ya aina ileile, ambayo aliinunua dukani Mombasa ikiwa haina nembo ya mtandao wowote. Tulizilaza simu mbili juu ya kitambaa cha buluu anachofungulia vioo, tukazilinganisha mstari kwa mstari. Jina lilikuwa moja, namba ya modeli moja, prosesa moja, kumbukumbu sawasawa. Toleo la Android la simu yake lilikuwa limetangulia kwa hatua nzima, na sasisho lake la usalama lilikuwa la miaka 2 baada ya lile la ami. Tulipofika chini kabisa ya ukurasa ndipo tulipoiona tofauti: herufi 3 katika namba ya programu, zinazoeleza kwamba simu hii ilitengenezwa kwa ajili ya wateja wa kampuni fulani katika nchi fulani. Herufi hizo 3 ndizo zilizoamua nani apate ulinzi na nani akose.

Sasisho la simu ya Android halitoki kwa mwandishi wake likafika moja kwa moja mkononi mwa mtumiaji. Google huandaa marekebisho. Mtengenezaji wa prosesa, kama vile Qualcomm au MediaTek, huyaoanisha na chipu zake. Mtengenezaji wa simu huyachanganya na programu zake mwenyewe. Na ikiwa simu imeuzwa kwa jina la kampuni ya mtandao, kampuni hiyo nayo huwa imetia humo nembo yake, programu zake na mipangilio yake, kwa hiyo hudai kuyapima yote upya kabla ya kuruhusu yatumwe kwa wateja. Ngazi 3 za mwanzo zina watu wenye sababu ya kuharakisha, kwani jina la mtengenezaji ndilo linalochafuka simu ikiibiwa taarifa. Ngazi ya 4 haina saa wala kalenda. Upimaji hugharimu fedha na mafundi, na simu iliyokwisha kuuzwa haiingizi kitu kipya, hivyo kadiri wateja wa modeli ile wanavyopungua ndivyo foleni yake inavyosukumwa nyuma, hadi siku moja inaachwa bila ya mtu yeyote kutangaziwa.

Hapa naomba msomaji asimame nami kidogo, maana watu wengi husikia neno sasisho wakafikiria rangi mpya za alama, vikatuni vipya na simu kuwa nzito. Mambo hayo yanaweza kungoja mwaka mzima na asiumie mtu. Linaloniuma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho yanayoziba kasoro ambazo mwizi anaweza kuzipitia. Mwezi wa Julai 2015 ilifichuliwa kasoro iliyoitwa Stagefright, ambayo iliwezesha ujumbe wa video kuingiza amri za mtu mwingine ndani ya simu, na walioigundua walikadiria kwamba simu milioni 950 zilikuwa wazi kwa hatari hiyo. Kuanzia Agosti ya mwaka huohuo Google imekuwa ikitoa taarifa ya usalama kila mwezi, na watengenezaji huarifiwa angalau mwezi mmoja kabla ya taarifa hiyo kutangazwa hadharani. Utaratibu huo ni mwema kwa yule ambaye sasisho linamfikia. Kwa yule lisiyemfikia, hali ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla ya tangazo, kwa sababu tangazo linaeleza kila mlango ulioachwa bila komeo, na linasomwa na mwenye nyumba na mwizi pamoja. Simu ya ami imepitiwa na matangazo ya namna hiyo karibu 50, na hakuna hata komeo moja lililotiwa.

Na katika simu hiyo kuna nini? Kuna akaunti ya benki, kuna ujumbe mfupi wenye namba za siri za kuthibitisha malipo, kuna picha za pasipoti ambazo wageni humtumia ili awaandikishe. Miaka 10 iliyopita mtu wa mashua alipoteza simu akapoteza majina na namba. Leo akiingiliwa humo anaweza kupoteza mtaji wa msimu.

Kampuni za mitandao zina hoja, na hoja yao si ya kubezwa. Sasisho baya linaweza kuvuruga upigaji simu, likakata data, au likamzuia mtu kupiga namba ya dharura usiku ambapo maisha yanategemea dakika. Tarehe 24 Septemba 2014 Apple ilitoa sasisho la iOS 8.0.1 lililowafanya watumiaji wengi wa iPhone 6 kupoteza mtandao kabisa. Ni ushahidi wa kweli kwamba upimaji unahitajika. Lakini kisa kile kina nusu yake ya pili: sasisho liliondolewa mnamo saa moja hivi, na kesho yake likatoka la kurekebisha. Njia ileile iliyofikisha kosa upesi ilifikisha na dawa upesi. Kinyume chake, mwaka 2012 simu ya Galaxy Nexus, iliyokuwa ya Google yenyewe, ilianza kupata Android 4.1 mwezi Julai kwa wale walioinunua bila ya nembo ya mtandao, ilhali wateja wa kampuni ya mtandao ya Verizon huko Marekani waliingoja mpaka Septemba. Kungoja huko kulikuwa na mwisho. Wengi hawakubahatika hata hivyo, na mwezi Aprili 2013 shirika la kutetea haki za kiraia la Marekani, ACLU, lilipeleka malalamiko kwenye tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC, dhidi ya kampuni 4 kubwa za mitandao kwa kuwaachia wateja simu zenye kasoro zinazojulikana.

Tena, iPhone ilipoanza kuuzwa mwaka 2007, iliuzwa Marekani kupitia mtandao mmoja tu, na bado Apple ilishika mkononi mwake mamlaka ya kusasisha. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba minara haiwezi kufanya kazi mpaka kampuni ya simu ikae mlangoni. Ni suala la makubaliano ya kibiashara, na makubaliano hubadilishwa.

Google imejaribu kupunguza ngazi. Android 8 ya mwaka 2017 ilitenganisha mfumo na sehemu zinazohusu chipu, na Android 10 ya mwaka 2019 ikaruhusu baadhi ya sehemu za mfumo kusasishwa kupitia duka lake la programu. Nayashukuru yote hayo, ila yanagusa zaidi kazi ya mtengenezaji. Idhini ya kampuni ya mtandao kwa sasisho kamili imebaki palepale.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya pekee ya kulisema jambo hili. Simu nyingi zinazotembea Malindi na Lamu zina maisha mawili. Zimeletwa na jamaa walioko Uingereza au Ughaibuni kwingine, zimeachwa na wageni, au zimenunuliwa zikiwa zimetumika. Muuzaji hukuapia kwamba imefunguliwa, maana yake inapokea laini yoyote, nawe ukaondoka ukidhani umenunua kitu huru. Kufungua laini hakugusi programu iliyo ndani. Hata Uingereza ilipozipiga marufuku kampuni za mitandao kuuza simu zilizofungwa, kuanzia Desemba 2021, haikuzuia simu hizo kubeba nembo na programu za kampuni. Kwa hiyo ami analipia bando lake hapa, anaongea kupitia minara ya hapa, na ulinzi wa simu yake unaamuliwa na ofisi ambayo hakuwahi kuwa mteja wake hata siku moja.

Mtu aliyeuza mashua hana haki ya kumzuia mnunuzi kutia kalafati mpaka yeye aje kukagua, halafu asije. Angefanya hivyo mbele ya wazee wa pwani angeitwa mara moja aulizwe, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba chombo kisichotiwa kalafati hupitisha maji, na maji hayamngojei mkaguzi. Ndivyo ninavyoliona jambo la nembo. Anayetaka jina lake litokee kila asubuhi kwenye kioo cha mtu mwingine amejitwalia wajibu juu ya kilichomo nyuma ya kioo hicho. Kama upimaji anautaka, aufanye kwa siku zinazohesabika, na zikipita bila ya yeye kutamka kasoro, viraka vya usalama vipite moja kwa moja kutoka kwa mtengenezaji. Kama hataki tena kuupima mfumo, aondoe herufi zake 3 na airudishe simu kwenye programu ya kawaida ya mtengenezaji, jambo ambalo fundi wetu wa sokoni hulifanya kwa kompyuta moja na waya mmoja.

Na jambo hili halihusu wageni pekee. Hapa kwetu pia simu huuzwa kwa jina la mtandao, nyingi kwa malipo ya kila siku, na ninaiona faida yake kwa watu ambao wasingeweza kutoa fedha zote kwa mkupuo. Lakini kampuni inayoweza kuifunga simu kwa mbali siku mteja anaposhindwa kulipa imeshathibitisha kwamba inaifikia simu ile popote ilipo. Haiwezi kusema kwamba njia ya kupelekea kiraka cha usalama imekosekana. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachonunua, pamoja na haki ya kulindwa usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi. Mamlaka ya Mawasiliano tayari huidhinisha aina za simu kabla ya kuuzwa. Itake basi kwamba kila kasha liandikwe tarehe ya mwisho ya kupata sasisho, kwa Kiswahili, mahali panapoonekana, kama inavyoandikwa kwenye pakiti ya maziwa. Uingereza tangu tarehe 29 Aprili 2024 inawalazimisha watengenezaji kutaja muda huo, na kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025 zinahesabu miaka 5 ya masasisho tangu aina ya simu inapoacha kuingizwa sokoni. Sioni kwa nini mnunuzi wa Malindi ajue machache kuliko hao.

Fundi amekubali kuiflashi simu ya ami, yaani kuitilia upya programu ya mtengenezaji, kwa shilingi 1,500, baada ya kumweleza wazi kwamba kila kilichomo kitafutika na kwamba ipo hatari, ndogo lakini ya kweli, ya simu kutowaka tena. Ami ameomba ingoje kusi, mashua itakapokuwa imepandishwa ufukweni na wageni wamepungua. Kwa sasa ameitoa programu ya benki, huenda mwenyewe kupanga foleni, na kila jioni hunakili namba za wateja wake kwenye daftari la mistari. Jana alinionyesha: amefika herufi M.