Mlezi wa kambi alipwe kama mlezi

Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam anayetafuta kazi ya msimu kwenye kambi za watoto Marekani huonyeshwa mitumbwi ziwani, moto wa jioni na matembezi ya New York msimu ukiisha. Picha hizo si za uongo. Nilifanya kazi hiyo huko Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, na maziwa ya kule ni mazuri kweli. Ila kazi yenyewe haimo pichani: kulea watoto wa watu, usiku na mchana.

Mwishoni mwa Juni, jua la Maine huzama karibu saa mbili na nusu usiku. Sisi tuliozoea giza la saa moja mwaka mzima tunatakiwa kuwalaza watoto wa miaka minane huku nje bado kweupe. Hapo ndipo kilio huanza. Mchana mtoto ana michezo na wenzake. Akishajilaza, anamkumbuka mama. Wataalamu wa watoto huwaasa wazazi wasimwahidi mtoto kuwa watakuja kumchukua akishindwa, kwa sababu ataingoja ahadi badala ya kuzoea. Nimeliona hilo kwa macho yangu. Kinachomtuliza ni mtu mwenye subira anayeketi karibu naye, akamsikiliza, akamsaidia kuandika barua, wakapanga pamoja watakachofanya asubuhi. Simu hana, kambi nyingi huzizuia, na mimi naunga mkono kabisa.

Ziwani watoto huogelea wawili wawili. Firimbi ikilia, kila jozi hushikana mikono na kuiinua ili wahesabiwe. Baada ya matembezi ya msituni unawakagua kupe, maana kupe wa kule hueneza ugonjwa wa Lyme, maradhi ya bakteria. Na lazima ujue ni nani akila karanga atabanwa pumzi, na sindano yake ya dharura iko wapi.

Dhamana yote hiyo hulipwa kidogo. Kambi zinazofunguliwa kwa miezi isiyozidi saba kwa mwaka hazibanwi na kima cha chini cha mshahara cha sheria ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani. Mlezi aliyeingia kwa viza ya J-1, ya mpango wa Marekani wa kubadilishana tamaduni, ambayo kwa walezi wa kambi ukomo wake ni miezi minne, anatakiwa alipwe sawa na mwenzake Mmarekani. Lakini kulinganishwa na mtu anayepunjwa si haki, hasa pale wazazi wanapolipa maelfu ya dola kwa mtoto mmoja.

Watetezi wa mpango huu husema mlezi hupewa malazi na chakula bure. Chakula, sawa. Malazi yapi? Kitanda changu kilikuwa chumba kimoja na vya watoto kwa sababu walihitaji mtu wa kuamka nao. Kulala pale ilikuwa zamu ya kazi.

Bado namshauri anayependa watoto aende. Asiyewapenda asiende kabisa, hata kama anaitamani New York, kwa sababu atakayeumia ni mtoto. Na kabla ya kutia sahihi, uliza: chumba kimoja kina watoto wangapi na walezi wangapi? Siku ya mapumziko ni ipi, na usiku wake utalala wapi? Mtoto akipata homa saa nane za usiku, nani atakuja? Majibu yawe kwa maandishi. Wakiyakwepa, tafuta kambi nyingine.