Anayesema "mtoto kabemendwa" kuna kitu ameona

Mbagala au Manzese, Dar es Salaam, mtoto akianza kunyong'onyea, miguu ikawa miembamba na kutembea kukachelewa, hukumu ya mtaa hutoka kabla mama hajafika kliniki: kabemendwa. Yaani mzazi kalala nje ya ndoa, au mama kashika mimba nyingine mtoto akiwa bado ananyonya. Wahudumu wengi wa afya hawataki hata kulisikia neno hilo. Nawaelewa, ila wanakosea wanapomgombeza aliyekuja nalo.

Hoja yao ni nzito. Mama anayeogopa kusemwa vibaya humfunika mtoto khanga akabaki naye ndani, na wiki za kumwogesha dawa za miti ni wiki ambazo mtoto anazidi kudhoofika. Isitoshe, macho hayaoni yote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, huku wenye ukondefu wakiwa asilimia 3 hivi. Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Kwa kila mtoto mmoja aliyekonda hadi majirani wakamsema, kuna kama kumi waliodumaa ambao hakuna anayewashtukia. Ni wafupi tu, wataambiwa wamemfuata babu yao. Mtoto wa mwaka na nusu aliyedumaa hucheza na wenzake bila kujulikana, hasa kama wenzake nao wamedumaa. Huyo hagunduliki mpaka alazwe kwenye ubao wa kupimia urefu.

Lakini ubao huo unatumika mara ngapi? Foleni ikiwa ndefu, mara nyingi mtoto huning'inizwa kwenye mzani, uzito unaandikwa kwenye kadi, anaitwa mwingine. Basi udumavu haumpiti bibi anayesema "kabemendwa" peke yake.

Na bibi anaona mengi. Mwangalie anavyompokea mjukuu: anamgeuza, anashika paja, anavuta ngozi ya matako iliyolegea, anapapasa nywele zilizopauka, anauliza mbona mtoto hachezi. Ndizo dalili alizofundishwa nesi. Hata suala la mimba ya haraka lina msingi wake. Mtoto aliyekatizwa ziwa ghafla akawekwa kwenye uji mwepesi wa sembe hupungukiwa kweli; ushauri ni kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Bibi anakosea anapotafuta wa kumlaumu. Dalili kaziona sawasawa.

Kinachompita pia ni uvimbe. Mashavu yamejaa, miguu imenona, watu wanasifia. Bonyeza kwa dole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, sekunde tatu. Vishimo vikibaki, huo si unene, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Hayo yanafundishika kwa muda mfupi, pamoja na utepe wa kupimia mzunguko wa mkono wa juu kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano. Huko Niger akina mama wamefundishwa kuutumia wenyewe, na vipimo vyao vikakaribiana na vya wahudumu. Sioni kwa nini bibi wa Mbagala ashindwe.

Mama akifika na habari za kubemendwa, nesi amuulize ameona nini, tangu lini, na mtoto anakula nini. Nani kalala wapi halimo katika matibabu.