Vindictive siyo "mlipiza kisasi" tu jamani

Juzi jamaa yangu alikuwa anamlalamikia bosi wake wa zamani, akasema kwa Kiingereza yule mtu ni vindictive sana, mwenzetu mmoja akadakia "vindictive maana yake mlipiza kisasi, sasa yeye kakulipiza kisasi gani?" Basi ubishi ukawaka, mimi nikabaki nawaza, hivi hiyo tafsiri tuliyokariri ni sawa kweli?

Kwangu mimi haitoshi. Kulipiza kisasi ni tendo. Mtu mpole kabisa anaweza kuchokozwa siku moja uvumilivu ukamshinda akarudishia, yakaisha, kesho wanasalimiana, huyo kalipiza kisasi ila huwezi kumwita vindictive. Vindictive ni tabia, ni yule uliyemsahihisha kwenye kikao, tena kwa adabu, akacheka na wewe vizuri tu, halafu miezi nane baadaye ombi lako la likizo linakwama mezani kwake na hakuna anayejua kwanini, we mwenyewe hata umeshasahau kile kikao. Yeye hajasahau!

Halafu kuna kitu nakipenda kwenye neno letu. Kisasi tumelitoa kwenye Kiarabu, qisas, na kwenye sheria ya Kiislamu qisas ina kipimo, jicho kwa jicho, jino kwa jino, huruhusiwi kuzidisha. Yaani ndani ya kisasi kuna mizani. Vindictive hana mizani bwana, umemkanyaga kidole yeye anataka mguu mzima, na akiupata bado anakuangalia vibaya.

Neno vindictive lenyewe asili yake ni Kilatini, vindicta, yaani kisasi au adhabu, na vendetta ya Waitaliano, yaani uhasama wa kulipizana visasi, imetoka humo humo. (Cha ajabu Warumi waliita vindicta pia ile fimbo aliyoguswa nayo mtumwa mbele ya hakimu siku ya kuachwa huru, neno moja lina kisasi na uhuru humo humo.) Ndugu yake mwingine ni vindicate, yaani kumsafisha mtu jina, na hapa ndo watu wanaumbuka, mtu kasingiziwa, ukweli umetoka, kasafishwa jina lake, anaandika kwa furaha "finally I am vindictive" kumbe katangaza mwenyewe kwamba ana roho mbaya. Alitaka kusema vindicated.

Mtu atasema basi tutumie kinyongo. Kinakaribia, ila kinyongo unaweza kukaa nacho miaka ishirini moyoni na usimguse mtu, unaumia mwenyewe tu. Vindictive ni kinyongo chenye mikono. Mimi nikibanwa kutafsiri nasema "mtu wa visasi", kwa wingi, manake huo wingi ndo unaobeba tabia, kisasi kimoja kinaweza kumtokea yeyote ila visasi ni maisha ya mtu.

Na tusilitupe ovyo pia, siku hizi kila anayekunyima kitu ni vindictive, unayemdai akikupeleka... samahani, anayekudai akikupeleka mahakamani vindictive, mchumba akikublock vindictive.

Yule jamaa mwishoni nikamuuliza, kwani bosi alikufanyia nini hasa? Akasema alimkata mshahara wa siku tatu. Siku gani hizo? Zile alizotoroka kazini.