Mfungo umegeuzwa sherehe

Jambo linaloniudhi kila mfungo ukikaribia ni ule msururu wa watu wenye vikapu vilivyofurika, kana kwamba njaa imetangazwa. Mwezi wa kujinyima ndio umekuwa mwezi wa kula kuliko yote! Jana sokoni nimeshika tunda lililosafirishwa kutoka ng'ambo: limefungwa plastiki, linang'aa, ukilibonyeza ni gumu kama jiwe. Hatua chache tu kutoka hapo, matunda ya msimu yamerundikwa chini, yananukia, yana udongo bado, bei yake haifiki hata nusu. Watu wanayapita. Eti ya kawaida mno kwa futari!

Kawaida ndiyo inayotakiwa, jamani. Qur'ani, sura ya 7 aya ya 31, inasema kuleni na kunyweni wala msifanye israfu. Kwa Wakristo, Isaya 58 inaeleza saumu anayoitaka Mungu: kumgawia mwenye njaa chakula chako. Utamgawia nini ikiwa fedha yote imeishia kwenye mapambo ya meza?

Na kinachoniuma zaidi ni sufuria za usiku. Nusu imeliwa, nusu inamwagwa asubuhi, wali umeshachacha. Kumbe bakuli la kunde, mboga za majani zilizochumwa siku hiyo hiyo na maji vingetosha kabisa, na mkulima wa jirani angerudi nyumbani na kikapu kitupu badala ya mboga zilizonyauka.