Diski Mpya Iliyokoroma

Kabla sijaeleza namna nilivyoifuta kazi yangu ya siku tisa kwa umakini mkubwa, naomba ieleweke kwamba katika hatua zile zinazowaliza watu kwa kawaida sikukosea hata moja. Nilikuwa nimenunua diski ya SSD ya GB 500 ichukue nafasi ya diski yangu kongwe, nayo ya GB 500, ile yenye sahani zinazozunguka na sauti ya mzee aliyelala chali. Nikaandaa flashi yenye Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima kwenda diski nyingine, nikabonyeza F12 kompyuta ilipokuwa inaamka, nikaiwasha kutoka kwenye flashi badala ya diski, maana mfumo unaoendelea kuandika mafaili yake haunakiliki vizuri, kama ambavyo kinyozi hawezi kumnyoa mtu anayekimbia.

Nilijua pia kwamba majina ya sda na sdb, ambayo Linux huzipa diski, si ya kuaminiwa, kwa kuwa kerneli, yaani kiini cha mfumo, huyagawa kadiri inavyozikuta diski, na ya leo si lazima yawe ya kesho. Kwa hiyo nilisoma modeli na namba ya kila diski, nikakariri kwa kunong'ona ipi inatoa na ipi inapokea. Clonezilla iliponiuliza kama nina hakika, nikaandika y. Iliponiuliza tena, nikaandika y huku nikiitamka. Kazi ikaisha bila kosa lolote, nikachomoa flashi, nikawasha, na mfumo ukafunguka kama kawaida. Diski ya zamani niliiacha humo humo ndani, eti iwe ya akiba.

Kwa siku tisa niliisifia SSD yangu kwa kila aliyekuwa tayari kusikiliza. Nilimketisha mdogo wangu mbele ya kioo ajionee programu zinavyofunguka kabla mtu hajapepesa jicho, naye akapepesa mara kadhaa, akanyamaza kwa adabu. Siku ya nne uvumilivu ukamwisha.

"Kaka, samahani, si ulisema hii haina kitu kinachozunguka? Mbona inakoroma?"

Nikamweleza, kwa upole wa mwalimu anayemhurumia mwanafunzi, kwamba ile ni feni.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba Clonezilla ni mwaminifu kupita kiasi: hunakili hata UUID, yaani namba ya kitambulisho, ya kila patisheni, kila kipande ambacho diski imegawanywa. Linux yangu haiitafuti patisheni yake kwa jina la sda, bali kwa UUID hiyo iliyoandikwa katika faili la /etc/fstab na katika mipangilio ya GRUB, programu inayouamsha mfumo, nayo kwa patisheni yenye mpangilio wa mafaili wa ext4 ni mfululizo wa alama 32, tarakimu na herufi, unaotarajiwa kuwa wa patisheni moja tu. Sasa ndani ya sanduku moja walikuwamo pacha wawili wenye kitambulisho kimoja, na kila asubuhi mfumo ulipoita, yule mkongwe ndiye aliyeitika. Amri moja ya lsblk, inayoonyesha diski zilizomo na ipi inatumika, ingeniumbua papo hapo, na kwa kuwa diski zote zilikuwa za ukubwa mmoja, hakukuwa na kitu kingine cha kuniumbua isipokuwa ule mkoromo. Lakini nani hukagua kitu ambacho yuko katikati ya kukisifia?

Siku ya kumi niliamua kuisafisha diski ya zamani. Niliwasha GParted, programu ya kugawa diski, kutoka kwenye flashi, nikahakikisha modeli mara tatu, nikachagua kuunda jedwali jipya la patisheni, nikasoma onyo kwamba data yote itafutika, nikakubali. Nilifuta diski niliyokusudia kabisa kuifuta. Nasisitiza hilo kwa sababu ndilo fahari pekee niliyobaki nayo.

Nilipowasha tena, kompyuta ilifunguka upesi mno hata nikadhani haikuwa imezimika. Kisha kivinjari kikanirudishia ukurasa niliokuwa nikiusoma usiku ule wa kunakili, unaoeleza jinsi ya kuhakiki diski iliyonakiliwa. Ripoti niliyoiandika kwa siku tisa haikuwapo, wala folda yake haikuwa imezaliwa.

Mdogo wangu aliingia akanikuta nimeshika tama. Akainamisha sikio karibu na kompyuta, akasikiliza kitambo.

"Hongera, kaka," akasema. "Naona feni imepona."