Ubingwa wa taifa kwa mbio moja? Hapana, jamani

Juzi kijiweni Sakina, hapa Arusha, chalii mmoja alitoa hoja, na wote wakaitikia isipokuwa mimi. Eti siku Tanzania ikipata mashindano yake ya magari ya kiti kimoja, yale ya matairi nje kama Formula One, bingwa wa taifa apatikane kwa mbio moja tu. Jumapili moja, bendera, kombe, watu warudi makwao. "Mwanaume anajulikana siku ya siku," akasema, kisha akaagiza chai nyingine kama mtu aliyemaliza kesi.

Siku ya siku! Huyohuyo msimu mzima anahesabu pointi za Yanga kwenye simu. Mwambie bingwa wa Ligi Kuu aamuliwe kwa mechi moja ya watani uone kama hatakurushia kikombe.

Gari la kiti kimoja ni jepesi, na matairi yote manne yako wazi. Mkigusana kona ya kwanza, suspensheni, vile vyuma vinavyoshika tairi, imekwenda, na siku yako imekwisha. Mwingine injini inanoki akiwa anaongoza. Waulizeni mafundi wa Unga Limited kama injini huwa inaangalia kalenda kabla ya kunoki. Kama kuna mbio nyingine mwezi ujao, dereva anarudi na hasira zake. Kama hakuna, amechangisha hela, amelala gereji, kisha anatolewa na mzembe aliyeanzia nyuma kabisa, na mzembe mwenyewe hata pole hasemi. Halafu huyo aliyebaki barabarani tumwite bora wa nchi nzima?

Mwaka 2014 Formula One waliamua mbio ya mwisho, Abu Dhabi, itoe pointi mara mbili. Mashabiki walipiga kelele, na msimu uliofuata kanuni ikafutwa. Hiyo ilikuwa mara mbili tu. Ninyi mnataka mbio moja ibebe kila kitu.

Najua mtanitajia Formula One ya 1984, taji lilipoamuliwa mbio ya mwisho na dereva Niki Lauda akamshinda mwenzake Alain Prost kwa nusu pointi, 72 kwa 71.5. Vizuri, tuiangalie. Monaco mvua ilimwagika, mbio zikasimamishwa mapema, na Prost aliyeshinda akapewa pointi 4.5 badala ya 9. Prost alishinda mbio 7 msimu ule, Lauda 5. Ya mwisho ilikuwa Estoril, Ureno: Prost alishinda, lakini Lauda alianza nafasi ya 11, akapanda hadi ya pili, na ya pili ilimtosha. Mbio ya mwisho ilifunga hesabu ya mbio 16. Ingekuwa ya chalii wetu, Estoril ingempa Prost taji, na kazi yote ya Lauda tangu mwanzo wa msimu isingehesabiwa hata senti.

Haya, Australia. Ubingwa wao wa magari ya saluni uliamuliwa kwa mbio moja kila mwaka kuanzia 1960 hadi 1968, na hawakufa. Nchi kubwa, kusafirisha gari ni gharama, naelewa. Linaloniudhi zaidi ni kwamba Ian Geoghegan, aliyeshinda 1964, 1966, 1967 na 1968 kwa mtindo huo, alishinda tena 1969 walipoanza kukusanya pointi za raundi kadhaa. Kwa hiyo ndiyo, mbio moja inaweza kumpata mtu sahihi. Nimesema. Msinirudishe hapo tena.

Kuhusu wadhamini kupenda tukio moja kubwa: wadhamini wanapenda pia mabango yao yaonekane zaidi ya mara moja.

Na kama tatizo ni hela ya kubeba magari, basi mbio tatu wikiendi moja, palepale: moja Jumamosi, mbili Jumapili, pointi zijumlishwe. Magari yanabebwa mara moja tu, na aliyegongwa Jumamosi ana usiku mzima na mafundi wake. Chalii akija na hesabu ya gharama inayopinga hilo, chai ya wiki ijayo nalipa mimi.