Mjomba Kashika Chepe Kwenye Sendofu

Leo asubuhi tovuti ya ofisi moja, sitaji jina maana fomu yangu bado iko kwao, imeniambia kivinjari changu hakifai. Firefox! Juzi tu imekula bando zima kujisasisha, leo naambiwa nirudi na Chrome. Sikubishana. Nikaweka kiongezo kinachobadilisha jina ambalo kivinjari hujitambulisha nalo, nikajiita Chrome ya Windows, nikapokelewa kama mheshimiwa. Kompyuta ileile, Firefox ileile. Na hao wote ni waongo wa ukoo mmoja: Chrome yenyewe ikibisha hodi huanza kwa kusema "Mozilla", jina la kurithi tangu miaka ya 1990, enzi ambazo ukikosa jina hilo seva inakupa ukurasa wa kimaskini.

Mimi ni mtu wa Linux, ule mfumo wa kompyuta wa bure unaokaa mahali pa Windows, tena kwa msimamo. Nimeanza na zile sidii za Ubuntu, aina moja ya Linux, zilizokuwa zinatumwa bure kwa posta mpaka 2011. Sasa mtaa mzima umeshika neno moja tu: mfumo ni bure, basi na fundi wake bure. Jirani akiona ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri ananinong'oneza nimfungulie simu ya mumewe. Shemeji kaleta laptopu niifufue, imefufuka, kauliza mbona haina Windows.

Lakini mjomba ni habari nyingine.

Mjomba hakuja kwenye sendofu ya dada yetu. Alikuwa amenuna tangu kikao cha mahari, na ninyi wajomba mnawajua. Albamu imetoka, hayumo, na wakwe wameanza kuulizana yule aliyepokea mbuzi wa mjomba yuko wapi. Jumapili huyo mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unaweza kumhamisha mtu."

Akanirushia picha WhatsApp. Imeshapita magrupu yote ya ukoo mpaka imebaki vumbi. Kaunda suti, safi. Kofia, safi. Ila imepigwa makaburini, jua la saa saba, na mkononi kashika chepe.

"Mjomba, hii ya msibani."

"Kwani uso si wangu?"

Nikafungua GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Spencer Kimball na Peter Mattis, walioianzisha wakiwa wanafunzi kule Berkeley miaka ya 1990, sidhani kama waliwahi kuwaza chepe. Nikamzungushia mstari nukta kwa nukta, sikio moja likabaki makaburini, nikalirudia. Nikamweka ukumbini kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake juu ya picha. Ukumbi una taa za zambarau, yeye anawaka kama bati. Nikavuta rangi, nikavuta, mpaka akafanana na mtu aliyekosa hewa.

Chepe nikalifuta kwa kile kifaa chenye alama ya muhuri: unachota pazia la upande huu unalibandika upande ule. Chepe likaondoka, ngumi ikabaki hewani. Mtu wa zambarau, kanuna, kakunja ngumi pembeni ya bibi harusi.

"Nipe glasi," anasema. Nikaichota ya mwenyekiti wa kamati.

"Hiyo ina nini? Mimi nimeokoka."

Nikageuza rangi, mvinyo ukawa juisi ya embe. Yesu na harusi ya Kana alikwenda upande ule, mimi huku narudi.

"Sasa nisogeze mbele. Mtoe shangazi yako, kwanza hakuchanga."

Shangazi ana kilemba cha mita nzima! Nyuma ya kilemba kuna watu wanne ambao picha haina habari nao. Nikimtoa, nawatoa wapi hao? Niwazae? Namweleza kwa adabu, mjomba ananiangalia kama karani anayesubiri kupewa kitu. Halafu anainama kwenye kioo, anakodoa.

"Mbona nimenuna?"

Jamani. "Ulinuna mjomba! Ndiyo maana hukuja!"

Kimya. Kisha akasema nimpelekee imechapwa A3, na fremu, na asiambiwe habari za hela.

Steshenari kijana kaangalia flashi, kaona faili la xcf, lile la GIMP yenyewe, kasema "bro, hii ina virusi." Nikamhamishia JPEG. Ikatoka mjomba kijani.

Ningechapa nyumbani, maana printa yangu Linux iliitambua yenyewe, bila sidii, bila kunibembelezesha, siku hiyo nilijiona waziri. Lakini inasema wino wa njano umekwisha na haichapi chochote. Cheusi kimejaa! Nachapa barua ya kuomba mita ya maji, maneno meusi kwenye karatasi nyeupe, inataka njano. Njano ya nini?